Mtihani wa Mtunzi wa Programu: Chombo cha Kupimia Nacho Hupimwa

UTANGULIZI

Fundi anayeomba kazi hutakiwa aoneshe analoweza kulifanya. Seremala hupewa mbao na randa. Dereva hukabidhiwa usukani, na mtahini huketi kando yake. Mtunzi wa programu za kompyuta naye, aendapo kwenye usaili, au mahojiano ya kazi kama wengine wasemavyo, hupewa swali, kalamu na ubao, na kwa kawaida muda usiozidi saa moja. Hutakiwa aandike, mbele ya mtahini anayemtazama, programu ya kulijibu swali hilo. Kampuni kubwa za Marekani, kama Microsoft na Google, ndizo zilizoueneza mtihani wa namna hii, na siku hizi kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayeomba kazi katika kampuni ya nchi za nje huweza kuufanya akiwa nyumbani kwao kwa njia ya intaneti.

Kazi ya seremala haina mabishano makubwa. Mlango ukikataa kufunga, kila mtu huona. Kwa mtunzi wa programu mambo si mepesi hivyo, kwa kuwa programu yaweza kuonekana nzima kwa miaka mingi huku ndani yake mna kosa. Makala haya yanachunguza swali moja: alama anazopata mtahiniwa katika mtihani huo zinaeleza nini juu ya kazi atakayoifanya baadaye? Swali hili haliwahusu waajiri peke yao. Kila mwalimu atungaye mtihani, na kila mwanafunzi aufanyaye, anahusika nalo.

ASILI YA MITIHANI HII

Katika miaka ya 1950 kompyuta zilikuwa chache, na vyuo havikuwa na idara za kufundisha elimu yake. Idara ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1962. Kwa hiyo mwajiri hakuweza kudai shahada ambayo haikuwapo. Mwaka 1955 kampuni ya IBM ilianza kutumia mtihani wa kupima kipaji cha utunzi wa programu. Ndani yake mlikuwa na mifululizo ya namba, ulinganisho wa maumbo na mafumbo ya hesabu. Haukuuliza lolote juu ya kompyuta. Ulitumika kwa miaka mingi, ingawa uchunguzi ulionesha kwamba alama zake zilikubaliana zaidi na alama za darasani wakati wa mafunzo kuliko na ubora wa kazi yenyewe.

Baadaye baadhi ya kampuni zilipendelea mafumbo, kwa mfano kumwuliza mtahiniwa akadirie ni mipira mingapi ya gofu ingeweza kujaa ndani ya ndege. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa utumishi katika kampuni ya Google, alikiri hadharani kwamba mafumbo ya namna hiyo hayabashiri lolote kuhusu kazi ya mtu.

Mtihani wa kuandika programu ulichukua nafasi ya mafumbo kwa hoja iliyo nyofu: ikiwa kazi ni kuandika programu, basi mtahiniwa na aandike programu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini kabla ya kuikubali yote, yafaa msomaji alitazame kwa karibu swali moja la aina hii na kuona lilivyo.

SWALI LA MFANO: KUTAFUTA KWA KUGAWA NUSU

Swali lenyewe ni hili: kuna orodha ya namba zilizopangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, andika programu itakayoeleza kama namba fulani imo katika orodha hiyo, na imo nafasi ya ngapi.

Njia ya kwanza inayomjia mtu ni kupitia namba zote, moja baada ya nyingine. Kama orodha ina namba 1,000, na namba inayotafutwa imo, kwa wastani itabidi kulinganisha mara 500 hivi. Lakini mtu atafutaye neno katika kamusi hafanyi hivyo. Hufungua katikati, akaona kama neno lake liko mbele au nyuma ya hapo, akaiacha nusu moja na kuendelea na nusu iliyobaki. Njia hiyo yaweza kuandikwa kwa hatua zifuatazo:

1. Weka mpaka wa chini katika nafasi ya kwanza, na mpaka wa juu katika nafasi ya mwisho.
2. Ikiwa mpaka wa chini umeupita mpaka wa juu, namba haimo, acha kazi.
3. Jumlisha mipaka miwili, gawa kwa mbili, na uache sehemu iliyozidi namba kamili. Jibu ndiyo nafasi ya kati.
4. Ikiwa namba iliyo kati ndiyo inayotafutwa, imepatikana, acha kazi.
5. Ikiwa namba iliyo kati ni ndogo kuliko inayotafutwa, mpaka wa chini uwe nafasi ya kati ongeza moja. Ikiwa ni kubwa, mpaka wa juu uwe nafasi ya kati toa moja.
6. Rudi hatua ya 2.

Ichukuliwe orodha hii ya namba 15:

3, 8, 12, 17, 21, 26, 30, 34, 41, 45, 52, 58, 63, 70, 77

Itafutwe namba 45. Mipaka ni 1 na 15, nafasi ya kati ni ya 8, na humo mna 34, ambayo ni ndogo. Mpaka wa chini unakuwa 9. Nafasi ya kati sasa ni ya 12, yenye 58, ambayo ni kubwa. Mpaka wa juu unakuwa 11. Nafasi ya kati ni ya 10, na humo mna 45. Namba imepatikana baada ya kulinganisha mara tatu tu.

Itafutwe sasa namba 60, ambayo haimo. Zitatazamwa nafasi ya 8, ya 12, ya 14 na ya 13. Baada ya hapo mpaka wa chini ni 13 na mpaka wa juu ni 12. Umepitwa, na kazi inakoma. Imelinganishwa mara nne.

Faida ya njia hii ni kubwa kadiri orodha inavyorefuka. Kila ulinganishaji huondoa karibu nusu ya namba zilizobaki. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024, orodha ya namba 1,000 haihitaji kulinganisha zaidi ya mara 10. Na kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576, orodha ya namba 1,000,000 haihitaji zaidi ya mara 20.

MAKOSA YANAYOJIFICHA

Hatua hizo sita zaonekana rahisi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Hata hivyo, kuziandika bila kosa kumewashinda wengi.

Kosa la kwanza hutokea katika hatua ya 5. Tuseme mtahiniwa ameandika kwamba mpaka wa chini uwe nafasi ya kati, akasahau kuongeza moja. Akiijaribu programu yake kwa namba 34, itapatikana bila tatizo. Akiijaribu kwa 70, itapatikana pia. Lakini akitafuta 77, mpaka wa chini utafika 14 na wa juu utabaki 15. Nafasi ya kati kati ya 14 na 15, baada ya kuacha sehemu iliyozidi, ni 14. Namba iliyomo ni 70, ambayo ni ndogo, na mpaka wa chini unawekwa tena 14. Kompyuta itazunguka papo hapo bila kikomo.

Kosa la pili hutokea katika hatua ya 2. Mtahiniwa huandika kwamba kazi ikome mipaka miwili inapolingana, badala ya kukoma mpaka wa chini unapoupita wa juu. Programu ya namna hiyo, ikipewa orodha yenye namba moja tu, itasema namba haimo bila hata kuitazama. Makosa yote mawili yana tabia moja: hayaonekani kwa kila namba inayojaribiwa. Husaidia kujaribu pia pembeni, yaani kwenye namba ya kwanza, ya mwisho, orodha ya namba moja na orodha tupu.

Jon Bentley, mtaalamu wa Marekani, alilitumia swali hili katika mafunzo ya watunzi wa programu waliokuwa tayari kazini katika Maabara ya Bell na katika kampuni ya IBM. Aliwapa muda wa saa mbili hivi, na ruhusa ya kutumia lugha yoyote ya kompyuta waipendayo. Kisha akawataka wazikague programu zao. Kati ya watu zaidi ya 100, asilimia 90 hivi waligundua makosa katika programu walizoziandika wenyewe. Donald Knuth, mwandishi mashuhuri wa elimu hii, ameonesha kwamba ingawa njia ya kugawa nusu ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1946, programu iliyo sahihi kwa orodha za ukubwa wowote haikuchapishwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kusimama kidogo. Watu aliowafundisha Bentley hawakuwa waombaji kazi. Walikuwa wataalamu walioajiriwa, na kazi zao zilitegemewa. Lau wangepewa swali hilo hilo katika usaili, kwa muda usiofika nusu ya ule, na mtahini akahesabu kila kosa kuwa sababu ya kumkataa mtu, wengi wao wasingeajiriwa.

JIBU LA MTAHINI NALO LILIKUWA NA KOSA

Habari haikuishia hapo. Miongoni mwa wanafunzi waliomsikiliza Bentley katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alikuwamo Joshua Bloch. Katika mhadhara wa kwanza Bentley aliwataka wanafunzi wa shahada ya uzamivu waandike programu ya kutafuta kwa kugawa nusu, kisha akaichambua moja mbele ya darasa. Ilikuwa na kosa, kama zilivyokuwa nyingi za wenzake. Bloch hakulisahau somo hilo. Miaka mingi baadaye ndiye aliyeandika programu ya kugawa nusu iliyowekwa katika hazina ya lugha ya Java, ambayo hutumiwa na watunzi wa programu duniani kote.

Mwezi wa Juni mwaka 2006 Bloch alitangaza kwamba programu hiyo, iliyokuwa ikitumika kwa muda wa miaka tisa hivi, ilikuwa na kosa. Na tena, programu ambayo Bentley mwenyewe aliithibitisha kwa hoja za kihesabu katika kitabu chake cha mwaka 1986 ilikuwa na kosa lile lile.

Kosa lilikuwa katika hatua ya 3, ile iliyoonekana kuwa nyepesi kuliko zote. Namba za kawaida katika Java huhifadhiwa kwa biti 32, na namba kubwa kabisa inayoweza kuhifadhiwa hivyo ni 2,147,483,647. Ichukuliwe kwamba orodha ni kubwa mno, mpaka wa chini ukiwa 1,500,000,000 na wa juu 1,600,000,000. Kila mmoja peke yake unaenea katika biti 32. Lakini jumla yake ni 3,100,000,000, nayo haienei. Kompyuta haisemi kwamba imeshindwa. Huondoa 4,294,967,296, yaani 2 kwa kipeo cha 32, na kubaki na namba hasi, −1,194,967,296. Nusu yake ni nafasi isiyokuwapo katika orodha yoyote.

Dawa yake ni ndogo. Badala ya kujumlisha mipaka, toa wa chini katika wa juu, gawa tofauti hiyo kwa mbili, kisha ongeza jibu kwenye mpaka wa chini. Katika mfano huu tofauti ni 100,000,000, nusu yake ni 50,000,000, na nafasi ya kati ni 1,550,000,000. Hakuna hatua inayovuka kikomo.

Kwa muda wa miaka 20, basi, mtahini yeyote aliyetumia jibu la kitabuni kama mwongozo wa kusahihishia alikuwa ameshika jibu lenye upungufu. Mtahiniwa aliyeandika njia ya pili angeweza hata kuulizwa kwa nini anajisumbua. Haya hayaondoi heshima ya Bentley wala ya Bloch. Bloch alifanya lile linalompasa mwanasayansi, yaani kulitangaza kosa lake mwenyewe. Yanaonesha tu kwamba ustadi katika kazi hii haupimwi kwa kutokosea mara moja ubaoni. Hupimwa kwa namna mtu anavyoitilia shaka kazi yake, anavyoijaribu, na anavyoirekebisha kosa linapoonekana.

MTIHANI KAMA CHOMBO CHA KUPIMIA

Mizani ya dukani hukaguliwa na maofisa wa vipimo kabla mfanyabiashara hajaruhusiwa kuitumia. Mtihani nao ni mizani, na wataalamu wa upimaji huukagua kwa mambo mawili.

La kwanza ni uthabiti. Mizani thabiti hutoa uzito ule ule kwa mzigo ule ule, leo na kesho. Mtihani ulio thabiti humpa mtahiniwa alama zilizokaribiana hata akitahiniwa siku nyingine, au akisahihishwa na mtahini mwingine. Usaili ambao kila mtahini huuliza swali alipendalo na kutoa alama kwa kadiri ya hisia zake hauwezi kuwa thabiti.

La pili ni uhalali, yaani kama mtihani unapima kile unachodai kupima. Mizani yaweza kuwa thabiti kabisa na bado isifae kupimia urefu wa kitambaa. Uhalali wa mtihani wa kazi hupatikana kwa kulinganisha alama za watu na ubora wa kazi yao baadaye. Matokeo huandikwa kwa kipimo cha uwiano: 0 ina maana kwamba hakuna uhusiano wowote, na 1 ina maana kwamba uhusiano ni kamili.

Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walichapisha muhtasari wa tafiti za miaka 85 kuhusu kazi za aina nyingi. Kwa mtihani wa kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye, walitoa uwiano wa 0.54, ulio wa juu kuliko njia nyingine zote walizozilinganisha. Waajiri wengi walitegemea namba hiyo. Lakini mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walionesha kwamba masahihisho ya kihesabu yaliyokuwa yakitumika yalikuza namba hizo kupita kiasi. Katika hesabu yao mpya mtihani wa kazi ulipata 0.33. Usaili wa maswali yaliyopangwa, ambao kila mwombaji huulizwa maswali yale yale na kusahihishwa kwa mwongozo mmoja, ulipata 0.42, na usaili usiopangwa ukapata 0.19.

Namba hizo zasomwaje? Kipeo cha pili cha uwiano hueleza sehemu ya tofauti za ubora wa kazi inayokwenda pamoja na alama. Kipeo cha pili cha 0.33 ni karibu 0.11. Kwa maneno mengine, asilimia 11 hivi ya tofauti kati ya wafanyakazi huelezwa na alama za mtihani. Sehemu iliyobaki hutokana na mambo mengine, kama bidii, uangalifu, uongozi na ushirikiano. Asilimia 11 si bure, lakini haimpi mtu haki ya kusema kwamba aliyeshindwa ubaoni hana uwezo.

HOFU MBELE YA UBAO

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, wakishirikiana na kampuni ya Microsoft, waliufanyia mtihani huu jaribio. Waliwachukua wanafunzi 48 wa elimu ya kompyuta na kuwagawa katika makundi mawili. Swali lilikuwa moja kwa wote. Kundi la kwanza lilijibu kwa desturi ya usaili, yaani ubaoni, mbele ya mtahini, kila mtu akieleza kwa sauti anavyofikiri. Katika kundi la pili kila mtu aliachwa peke yake chumbani na ubao wake, na mtahini hakumtazama.

Waliotazamwa walipata chini ya nusu ya alama za wale walioachwa peke yao. Miongoni mwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi: katika kundi lililotazamwa hakuna hata mmoja aliyefaulu, na katika kundi lililoachwa peke yake walifaulu wote. Idadi ya wanawake hao ilikuwa ndogo, na kwa hiyo jambo hilo lahitaji uchunguzi zaidi kabla ya kuhukumiwa. Lakini maana ya jaribio zima ni wazi. Wanafunzi walikuwa wa namna moja na swali lilikuwa moja. Kilichobadilika ni jicho la mtahini. Mtihani uliodai kupima utunzi wa programu ulipima pia uwezo wa kustahimili kutazamwa, na alama mbili hizo zilichanganywa katika namba moja.

WANAOKATALIWA HAWAONEKANI

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa mtihani una upungufu huu, mbona waajiri hawaugundui? Hesabu ndogo ya kubuni yaweza kujibu.

Ichukuliwe kwamba watu 100 wameomba kazi, na 20 kati yao wanafaa. Mtihani unawapitisha asilimia 80 ya wanaofaa na kuwakataa asilimia 80 ya wasiofaa. Watapita watu 16 wanaofaa. Kati ya wale 80 wasiofaa, watapita 16 pia. Kwa hiyo waliopita ni 32, na nusu yao hawafai. Bila mtihani, mwajiri aliyechagua kwa kura angepata mtu mmoja anayefaa katika kila watano; kwa mtihani anapata mmoja katika kila wawili. Faida ipo.

Mwajiri huwaona wale 16 wasiofaa, kwa kuwa wamo ofisini mwake. Hulalamika, na kuufanya mtihani uwe mgumu zaidi. Tuseme sasa unapitisha nusu tu ya wanaofaa, na asilimia 5 ya wasiofaa. Watapita 10 wanaofaa na 4 wasiofaa. Mwajiri hufurahi, maana kati ya watu wake 14, wanaofaa ni asilimia 71. Lakini watu 10 waliofaa, yaani nusu ya wote, wamerudishwa nyumbani. Hao hawaonekani katika daftari lolote. Hakuna anayewafuatilia aone walikuwa mafundi wa namna gani, na kwa sababu hiyo mtihani hauwezi kujisahihisha. Hasara yake hubebwa na kijana aliyerudi nyumbani akiamini kwamba hawezi.

Mwalimu wa shule ya sekondari na aitafakari hesabu hiyo. Mtihani wowote wa kuchuja una kundi lake la wasioonekana.

MTIHANI ULIO BORA

Kutokana na yaliyoelezwa, mtihani wa mtunzi wa programu waweza kuboreshwa kwa mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Swali lifanane na kazi yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusoma programu zilizoandikwa na wengine na kutafuta makosa yake. Basi mtahiniwa apewe programu yenye kosa, aisome, ailetee majaribio yatakayolifichua kosa, kisha airekebishe. Aachwe peke yake kwa muda, na kompyuta, kama atakavyokuwa kazini; maelezo aulizwe baadaye. Waombaji wote waulizwe maswali yale yale, na kazi zao zisahihishwe na watahini wawili, kila mmoja peke yake, kwa mwongozo ulioandikwa kabla. Mwisho, alama zihifadhiwe na kulinganishwa na kazi ya mtu baada ya mwaka, ili mtihani wenyewe upate alama zake.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipotolewa kwa watu wote programu za akili mnemba zinazoweza kuandika jibu la maswali kama lile la kugawa nusu kwa muda mfupi. Mtihani unaofanywa nyumbani, wenye swali linalojulikana, sasa hauwezi kumtofautisha ajuaye na asiyejua. Lakini jibu lililotolewa na mashine nalo lahitaji mtu wa kulikagua, na anayejua makosa hujificha wapi atafaa leo kama alivyofaa zamani.

HITIMISHO

Programu ya kugawa nusu ilichukua zaidi ya miaka 10 kuandikwa kwa usahihi, na nyingine 40 na zaidi kuonekana kwamba hata ule usahihi ulikuwa na kikomo. Wajuzi wakubwa waliikosea. Kwa hiyo mwanafunzi asione aibu programu yake ikikataa mara ya kwanza. Aone aibu akiikabidhi bila kuijaribu kwa orodha tupu, kwa namba ya kwanza, kwa namba ya mwisho, kwa namba isiyokuwamo, na kwa namba kubwa kupita kiasi. Na mtahini, awe mwajiri au mwalimu, naye aujaribu mtihani wake kwa bidii hiyo hiyo kabla hajautumia kumhukumu mtu.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kwa kutumia orodha ya namba 15 iliyotolewa, fuata hatua za kutafuta namba 26. Utalinganisha mara ngapi?
2. Orodha ina namba 100,000. Ni mara ngapi, kwa wingi kabisa, zitakazohitajika kulinganisha?
3. Swali jepesi la usaili lililopata sifa mwaka 2007 lilitokana na mchezo wa watoto: taja namba 1 hadi 100, lakini kila namba inayogawanyika kwa 3 au kwa 5 ibadilishwe kwa neno. Ni namba ngapi zitakazobaki bila kubadilishwa?
4. Kati ya waombaji 200, wanaofaa ni 20. Mtihani unapitisha asilimia 90 ya wanaofaa na kukataa asilimia 90 ya wasiofaa. Ni sehemu gani ya waliopita wanaofaa?
5. Kwa mjadala darasani: chagueni mtihani mmoja mlioufanya shuleni. Ulidai kupima nini? Ulipima nini kingine pamoja nacho?

Majibu: (1) Mara 3. (2) Mara 17. (3) Namba 53. (4) Nusu: 18 kati ya 36.